Wimbo wa Kutua

Sijui wewe ungefanya nini ukiingia kwako mchana ukakuta harufu ya jasho la mwanamume mwingine. Kasimiri alisimama mlangoni, baiskeli bado mkononi, akavuta pumzi mara ya pili ili asije akamsingizia mtu. Lilikuwa jasho kweli, la mtu aliyetembea tangu alfajiri, limechanganyika na ugoro na vumbi. Kasimiri mwenyewe havuti wala hanusi. Na kwa kawaida yake asingekuwa pale Kwihara saa ile, angekuwa bado stesheni ya Tabora akipanga mabehewa.

“Nani katoka hapa?” aliuliza.

Mkewe, Veneranda, alikuwa ameketi mkekani, ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika shingo. “Nani tena, Baba Flavia? Binti yako yuko shule, mimi niko peke yangu tangu asubuhi.”

Kasimiri akaguna. Aliingia chumbani akaona kitandani, upande wake yeye wa kulalia, ngata ya majani, ile pete ya kuwekea mzigo kichwani. Ilikuwa mbichi na imelowa. Akaitoa kwa vidole viwili.

“Na hii?”

“Sijaiona mimi.”

“Hujaiona, na iko kitandani kwako? Wanawake wa hapa husokota kanga. Hii kasokota mwanamume.”

Veneranda alijaribu kuinua uso amtazame mumewe, shingo ikakataa, akakunja uso kwa maumivu. Kasimiri, badala ya kumwuliza anaumwa nini, aliona tu mwanamke anayekwepa macho ya mumewe. Na mtu wa kumdhania alikuwa naye kichwani tayari. Damas!

Hebu tuelewane kuhusu huyu Damas. Mwaka ule wa pilikapilika za kuhamia vijiji vya Ujamaa, Veneranda alitoa santuri yake ya kwanza, ile kubwa yenye nyimbo nyingi. Alikuwa mwimbaji wa bluzi. Jina hilo alipewa na Navin Popatlal, mwenye duka la redio na santuri mjini, aliyemsikia harusini akasema mama huyu anaimba kama wale Wamarekani weusi ambao roho inawauma. Navin alikuwa na kinasa sauti. Akatundika mablanketi ghalani, nyuma ya magunia ya chumvi, akamwambia, “Dada Veneranda, usiniimbie za watu. Niimbie za kwenu.”

Naye akaimba za kwao. Babu yake mzaa mama, Mabruki, alikuwa mpagazi, akabeba pembe za matajiri kutoka hapo hapo Kwihara mpaka pwani, na kabla hajafa alimwachia mjukuu nyimbo mbili. Wa kwanza ni wimbo wa kutwika, wa kuwaamsha watu wabebe. Kiongozi anaita jina, “Ngollo wa Puge, twika!” na mwenye jina anajibu, “Nimetwika!” Wa pili ni wimbo wa kutua, unaoimbwa kambini jua likiwa utosini. Kiongozi anawaita wale wale, mmoja mmoja, “Tua,” na kila mmoja anajibu, “Nimetua,” ndipo anapoushusha mzigo. Asiyeitwa hatui, hata magoti yavunjike. Babu alimkanya kabisa. Aliyewatwika watu ndiye awatue, asiwaimbie waondoke halafu akaenda zake kula.

Kwenye kutwika, walioitikia walikuwa wasichana wa kwaya. Kwenye kutua aliitikia Damas, mwalimu wa kwaya, bwana mwenye sauti nzito na tamu. Siku moja Kasimiri alikwenda dukani kumchukua mkewe, akawahi, Navin akamwekea mkanda asikilize. Mkewe akaimba, “Tua,” polepole, na Damas akajibu, “Nimetua,” chini kabisa, kama mtu aliyeweka kichwa kwenye mto. Wivu ukampanda Kasimiri mpaka masikio yakawaka moto. Nimetua! Anatua wapi? Kwa nini asitue kwake?

Basi akamwambia Navin, akiwa amekaza uso, “Mama Flavia ameniagiza. Huo wimbo wa mwisho hautaki. Uutoe.” Navin hakubisha. Santuri ilikuwa imejaa pomoni, akakata mkanda na kupeleka kazi Nairobi.

Santuri ziliporudi, Veneranda alisikiliza upande wa kwanza, akasikiliza wa pili, sindano ikafika mwisho, akabaki anasubiri. “Kutua kuko wapi?” Kasimiri akamwambia nafasi haikutosha, Navin ndivyo alivyosema. Veneranda alilia siku ile kama aliyefiwa. “Babu yangu yumo katika yale majina,” alisema. “Nimemtwika babu yangu, sijamtua.” Damas naye alikuwa amekwisha kuhamishiwa kijiji kipya huko porini upande wa Sikonge, na Kasimiri alimshukuru Mungu, akadhani mambo yamekwisha.

Yangekwisha vipi, na leo ngata kitandani?

Tangu siku ile Kasimiri aligeuka mpelelezi. Alinusa mashuka. Alipekua kichaka nyuma ya choo. Alimwuliza jirani yao, Alois, kama amemwona mwanamume yeyote akipita, na Alois, ambaye masikio yake yalikuwa kwenye redio kutwa, alisema kuona hajaona, ila mchana husikia njuga, kama watu wanatembea wamefunga kengele miguuni. “Nilidhani mkeo anafanya mazoezi,” alisema.

Siku iliyofuata Kasimiri aliomba ruhusa kazini kabla ya mchana. Alipokaribia nyumba alisikia gramafoni yao ya betri ikipiga wimbo wa kutwika. Sauti ya mkewe iliita, “Ngollo wa Puge, twika!” Akangojea wasichana. Aliyejibu alikuwa mwanamume.

“Nimetwika!”

Damu ilimchemka. Hakuingia hata ndani, aligeuza baiskeli akarudi mjini mbio, akaingia dukani kwa Navin bila salamu. “Umenifanya mjinga! Nilikwambia umtoe yule mtu, wewe ukamhamishia wimbo mwingine!”

Navin alitazama huku na huku, akamvuta mpaka ghalani. “Bwana Kasimiri, punguza sauti. Mtu gani?”

“Damas! Nimemsikia kwa masikio yangu!”

Navin akafungua kopo la biskuti, akatoa kipande cha mkanda kilichozungushwa. “Damas yumo humu. Kutua yote imo humu. Huko kwingine hajaimba hata neno.” Akalifunga kopo. “Lakini huyo mwanamume hata mimi nimemsikia. Nilidhani ni masikio yangu.”

Mama yake, Jasoda, alikuwa amesimama mlangoni, kajifunika ushungi mpaka kwenye paji la uso. “Mwambie ya chumvi,” alisema kwa sauti ndogo.

“Mama, basi.”

“Kama humwambii, namwambia mimi. Tukipiga santuri ile hapa dukani mchana, tukija huku nyuma magunia hayapo ukutani. Yamejipanga mstari mmoja, moja nyuma ya jingine, mpaka mlangoni. Yameelekea pwani. Na juu ya kila gunia pana alama ya kiganja.” Akamtazama Kasimiri machoni. “Sitaki ipigwe tena katika nyumba yangu. Na wewe, kamwangalie mke wako.”

Mtu mwingine angekimbilia nyumbani kumpa pole mkewe. Kasimiri, loh! Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba Navin na mama yake wamepangwa, kwamba Damas kajificha mahali, kwamba hadithi ya magunia ni ya kuwatisha watoto. Shaka ilikuwa imemkaa rohoni, haikutaka kuhama. Aliamua atamfumania mtu wake.

Kesho yake aliaga kama anakwenda kazini, akazunguka, akajificha nyuma ya kihenge cha mahindi na rungu mkononi. Jua lilipanda. Kuku waliokuwa wakiparua uani walikwenda mmoja mmoja chini ya kihenge, wakajikunyata kimya, ingawa hapakuwa na mwewe. Halafu ile harufu ikaja, jasho na ugoro, ikapita karibu naye kabisa, na Kasimiri akainua rungu, akatazama, asione mtu.

Aliona vumbi. Pale uani, katika vumbi ambalo Veneranda alilifagia asubuhi likabaki laini, ulitokea unyayo mmoja, unyayo mpana wa mguu mtupu uliozama kama wa mtu aliyebeba kitu kizito, na mbele yake ukatokea wa pili, na nyuma yake ukaanza mwingine usiokuwa wa mtu yule, na mwingine tena, na njuga zikalia polepole, cha, cha, cha, na pumzi zikasikika, pumzi za watu wengi waliokauka koo, zikimpita huku na huku mpaka nywele zikamsimama na rungu likamtoka mkononi, na zile nyayo hazikusita mlangoni, ziliingia ndani moja kwa moja kama za watu wanaokuja kwao. Kasimiri alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa yake, lakini haikumsikia.

Alichungulia dirishani. Gramafoni ilikuwa imefungwa, kifuniko chini, na juu ya kifuniko kuna sufuria, na bado wimbo ulikuwa ukitoka. Veneranda alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imeshika kitu juu ya kichwa chake ambacho Kasimiri hakukiona.

“Ngollo wa Puge, twika!”

“Nimetwika,” ilijibu sauti kavu pembeni ya mlango.

“Kasanda wa Sikonge, twika!”

“Nimetwika.”

“Mabruki wa Kwihara, twika!”

“Nimetwika,” alijibu mzee mmoja akikohoa, na Veneranda akaanza kulia, machozi yakimdondoka mpaka sakafuni kwa jinsi alivyoinama, na akanong'ona, “Babu, nisamehe, babu.” Kwenye santuri majina yaliishia hapo. Kasimiri alijua, ameusikia wimbo ule mara nyingi mno. Lakini sasa sauti ya mkewe haikuwa inaita tena, sauti ya mwanamume ndiyo iliyoita, ile ile aliyoidhania kuwa ya Damas, nayo haikufanana na Damas hata chembe.

“Veneranda wa Mabruki, twika!”

“Nimetwika,” alisema Veneranda kwa sauti ya mtoto, na shingo yake ikalia, ikazama mabegani.

Hapo ndipo miguu ya Kasimiri ilipomsikia. Aliingia ndani mbio akanyoosha mikono juu ya kichwa cha mkewe ili aondoe chochote kilichokuwepo, na mikono yake ikagusa. Kilikuwa kitu kirefu, kigumu, kimefungwa kitambaa chenye jasho, na pale kitambaa kilipochanika palikuwa laini na baridi, kama pembe. Alivuta kwa nguvu zake zote, yeye mwanamume aliyezoea kusukuma vyuma vya reli, na hakikutikisika. Mara vyote vikanyamaza, akabaki ameshika hewa.

“Umeniona?” Veneranda aliuliza akiwa sakafuni. “Sasa umeona mwanamume anayekuja kwangu?”

Kasimiri aliona aibu mpaka akatamani ardhi impasukie.

Jioni ile alikwenda kwa Bibi Apolinaria, mjane wa katekista. Bibi huyu alikuwa na milango miwili. Wa mbele waliingia wenye kusali rozari, wa nyuma waliingia wenye shida zisizosemeka kanisani, na padre alijua akajifanya hajui. Kasimiri aligonga wa nyuma.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Kaa. Nani alimkataza mkeo asiwatue?”

“Nafasi haikutosha kwenye san—”

“Usinichezee, mwanangu. Nafasi haitoshi kwa watu watatu wenye pembe vichwani? Nani?”

Kasimiri aliinama. “Ni mimi, bibi,” alinong'ona. “Nilisema ameniagiza yeye. Nilikuwa namwonea wivu yule mwalimu.”

Bibi Apolinaria alicheka, kicheko kisicho na furaha. “Watu wamekufa, wana kiu, wamesikia wanaitwa wakaamka wakabeba, na wewe unawaza habari za mto na shuka. Haya. Shingo ya mkeo haifiki wiki nyingine. Nenda mwenyewe Sikonge, usitume mtu, ukamwombe Damas aje. Aliyeitikia ndiye ataitikia. Na mzigo wa mkeo hautatua kwa wimbo, kwa sababu yeye hakuajiriwa, amebebeshwa. Lazima mtu aupokee. Unajua ni nani.”

“Najua.”

“Jambo la mwisho, ulishike. Kila santuri ile ikipigwa mchana, popote pale, wanainuka tena. Navin azikusanye zote. Mpaka zirudi, Damas asiondoke kwako. Alale kwako, ale kwako. Umenisikia?”

“Nimekusikia, bibi.”

Kasimiri akaendesha baiskeli mpaka huko porini kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki, akamkuta Damas kwenye shamba la kijiji, akamwamkia na kumweleza yote, hata wivu wake. Damas aliweka jembe chini. “Kaka, ungeniuliza tu,” alisema. “Mimi nina mke wangu, na kutua niliimba nikimwaza marehemu baba.” Kisha akachukua baiskeli yake.

Walifanya mchana, mlango wazi, Bibi Apolinaria ameketi kizingitini na rozari yake. Harufu ikaja, njuga zikaja, nyayo zikajaa sakafu. Veneranda hakuwa na sauti, aliimba kwa upepo tu, lakini aliimba.

“Ngollo wa Puge, tua.”

“Nimetua,” Damas aliitikia, na pale chini, karibu na mlango, kitu kisichoonekana kikapiga sakafu, tii! Vumbi likaruka. Mtu akashusha pumzi ndefu, na ile harufu yake ikapungua. Akaitwa Kasanda wa Sikonge, tii! Akaitwa Mabruki, na Veneranda aliimba jina la babu yake mara mbili kwa jinsi alivyompenda, mzigo ukashuka taratibu, na mkono usioonekana ukamgusa shavuni.

Zikabaki shingo ya Veneranda na uzito wake. Kasimiri akaja mbele yake. “Mama Flavia, lete,” alisema. “Nipe mimi.” Akainamisha kichwa, na dunia nzima ikamshukia. Hajawahi kubeba kitu kama kile. Aliona nyota, alisikia mifupa ikisagana. Kwa mbali sana Veneranda aliimba, “Kasimiri, tua,” Damas akaitikia, “Nimetua,” na kikapiga sakafu, tii, kando ya miguu yake.

Veneranda aliinua uso. Shingo ilikuwa imenyooka. Alicheka, akalia, akamshika mumewe mikono. Kisha akamgeukia Damas akamshika naye mikono, akamwambia, “Mwalimu, Mungu akubariki. Sauti yako imeniokoa,” na akamtabasamia, kwa namna mtu yeyote aliyepona anavyotabasamu.

Na Kasimiri akaliona lile tabasamu. We! Shingo bado inamwuma, jasho halijamkauka, na kale kadudu kake kakainua kichwa. Kwa siku mbili alivumilia kumwona Damas mezani kwake, akisifu mapishi ya ugali, akiitwa mwalimu, mwalimu. Bibi Apolinaria alikuwa amerudi kwake, Navin alikuwa bado anatafuta santuri zake huko Nzega na Mwanza. Siku ya tatu Veneranda alipokwenda kisimani, Kasimiri alimtengenezea mgeni wake mfuko wa karanga kwa mikono yake mwenyewe.

“Mwalimu, tumekuchosha. Njia ni ndefu, na mkeo atakuwa na wasiwasi. Hapa sasa ni salama.”

“Bibi alisema nisubiri.”

“Bibi mzee yule, hofu tu. Nenda, kaka. Nenda salama.”

Damas alisitasita, akapanda baiskeli, akaondoka. Kasimiri alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya miembe, akashusha pumzi, akakaa kizingitini. Jua lilikuwa utosini. Nyumba ya pili, Alois alikuwa amefungua redio kwa sauti ya juu, mtangazaji anasoma salamu za wasikilizaji, na Kasimiri alikuwa akisikiliza nusu nusu, anatabasamu peke yake, mpaka aliposikia, “...naye anawasalimu ndugu zake wote wa Puge, wa Sikonge na wa Kwihara, popote walipo, na anaomba apigiwe wimbo mpya kabisa kutoka Tabora.”

Kuku wakakimbilia chini ya kihenge.

“Alois!” aliita. “Alois, zima!” Alois akazima kweli, maana hakuupenda wimbo ule, lakini haukuzimika, kwa sababu ulikuwa ukitoka pia nyumba ya tatu, na dukani, na barabarani kwa mtu aliyepita na redio yake begani, na ungetoka katika kila nyumba yenye redio mpaka pwani, na unyayo wa kwanza ukazama vumbini mbele ya miguu yake, mzito kuliko siku zote. Ngollo akajibu, na Kasanda, na yule mzee mwenye kukohoa, safari hii akiguna kama mtu aliyeamshwa baada ya kulala kidogo tu.

Veneranda alitokea njia ya kisimani, akaiona sura ya mumewe, akaona na kiti kitupu cha mgeni. Ndoo ikamwanguka.

“Damas yuko wapi? Baba Flavia, Damas yuko wapi?”

Kasimiri alijaribu kumwonyesha kwa mkono, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kupanda juu yenyewe, ikashika kitu cha baridi. Mkewe akaishika kanga yake akakimbia kuelekea Sikonge, miguu mitupu, akiita jina la mwanamume mwingine kwa sauti yake yote, na Kasimiri, shingo ikizama, aliomba kwa moyo wake wote amfikie, amshike, amrudishe nyumbani kwake.

“Kasimiri wa Veneranda,” ilisema ile sauti karibu na sikio lake, “twika.”

“Nimetwika,” alijibu.